Marekani, Kutoka kwa Wenyeji hadi Uhuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara kutoka kwa wanafunzi wa historia, kwa wazazi walio ughaibuni wanaowasaidia watoto kazi za shule, na kwa ndugu zetu, wengi wao kutoka Kongo, wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani. Tumeanza na mambo ya msingi, na yale ya pembeni yako mwishoni. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi; utaelekezwa kwenye namba ya swali. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: hii ni historia ya ardhi iliyokuwa na wenyewe. Anayeisoma bila kuuliza ardhi hiyo iliwatokaje mikononi atakuwa amesoma nusu yake tu.

## Kabla ya meli za Ulaya

1. Watu wa kwanza wa Amerika walitoka wapi, na lini?

Walitoka Asia ya kaskazini-mashariki. Katika enzi ya barafu maji mengi ya dunia yaliganda, bahari ikashuka, na Siberia ikaungana na Alaska kwa nchi kavu pana ambayo wataalamu huiita Beringia. Watu waliishi huko vizazi vingi, kisha wakasambaa kusini, na huenda baadhi yao walifuata pwani ya Pasifiki.

Kuhusu lini, vitabu vya zamani vinasema miaka 13,000 hivi iliyopita. Tarehe hiyo imepitwa na wakati. Pale Monte Verde, kusini mwa Chile, watu waliishi miaka 14,500 hivi iliyopita, na nyayo za binadamu zilizogandamana katika udongo wa White Sands, New Mexico, zimepimwa zikaonekana kuwa na umri wa kati ya miaka 21,000 na 23,000.

2. Ni kweli bara lilikuwa pori lenye watu wachache wanaohamahama?

Si kweli, na dhana hii imefanya madhara mengi kwa sababu ndiyo iliyotumika kuhalalisha unyang'anyi. Ng'ambo ya mto Mississippi, mkabala na jiji la St. Louis la leo, palikuwa na mji wa Cahokia. Katika karne ya 11 na ya 12 waliishi humo watu wapatao 10,000 hadi 20,000. Kilima chake kikuu kilijengwa kwa udongo uliobebwa kwa vikapu. Kina kimo cha mita 30 hivi na bado kimesimama. Katika bonde la Chaco, New Mexico, mababu wa watu wa Pueblo walijenga majumba ya mawe ya ghorofa kadhaa, mojawapo likiwa na vyumba zaidi ya 600.

Upande wa mashariki, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la New York, mataifa matano yalikuwa yameungana kabla Mwingereza hajafika: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Wenyewe wanajiita Haudenosaunee. Wafaransa waliwaita Iroquois. Taifa la sita, Tuscarora, liliingia mwaka 1722. Ukoo ulifuata upande wa mama, na wanawake wakuu wa koo ndio walioteua machifu na kuwavua madaraka wakiharibu kazi. Wanaume wa Ulaya waliokuja kujadiliana nao walipata shida kuielewa hali hiyo.

Wapo pia walioishi kwa uvuvi, kama mataifa ya pwani ya Pasifiki, na walioishi kwa kuwinda nyati kwa miguu. Ile picha ya shujaa juu ya farasi ni ya baadaye: farasi wa kale wa Amerika walikuwa wametoweka maelfu ya miaka kabla, na hawa wanaoonekana kwenye sinema wametokana na farasi walioletwa na Wahispania.

3. Tuwaite nani?

Kwa jina la taifa lao ukilijua: Cherokee, Lakota, Navajo (wenyewe hujiita Diné). Kwa ujumla wao, Wenyeji wa Amerika. "Wahindi Wekundu" ni jina lililotokana na kosa la Columbus, aliyedhani amefika Asia, na wengi wao wanaliona ni tusi.

4. Ni kweli mahindi na mihogo vilitoka Amerika?

Ndiyo, na orodha ni ndefu: mahindi, mihogo, maharage, karanga, nyanya, pilipili, viazi mviringo, viazi vitamu, mananasi, mapapai, maparachichi, korosho, tumbaku. Mahindi yalitokana na nyasi za porini ambazo wakulima wa kusini mwa Meksiko walianza kuzichagua na kuzipanda miaka 9,000 hivi iliyopita. Mazao mengi kati ya haya yalifika Afrika baada ya mwaka 1500, hasa kwa meli za Wareno. Ugali wa mahindi, kisamvu, sombe ya Kongo, kachumbari ya nyanya, vyote vinadaiwa na wakulima hao. Mtama, wimbi na kunde ndivyo vilivyokuwa vyetu tangu kale.

Wakulima wa Haudenosaunee walipanda mahindi, maharage na maboga katika shimo moja au tuta moja. Maharage yanapanda juu ya bua la mhindi na kurutubisha udongo, majani ya boga yanafunika ardhi isikauke. Mkulima wa Kigoma au Kakamega anayechanganya mazao shambani atautambua ujuzi huo papo hapo.

## Wageni kutoka Ulaya

5. Columbus ndiye aliyegundua Marekani?

Hapana. Kwanza, nchi yenye mamilioni ya watu haisubiri kugunduliwa. Pili, hata kati ya Wazungu hakuwa wa kwanza: mabaharia wa Skandinavia walijenga makazi pale L'Anse aux Meadows, Newfoundland, na miti waliyoikata kwa vyuma imepimwa ikaonekana ilikatwa mwaka 1021. Tatu, Columbus alipotua tarehe 12 Oktoba 1492 alikuwa visiwa vya Bahamas. Katika safari zake zote nne hakukanyaga Marekani bara ya leo. Alifika Puerto Rico, kisiwa ambacho leo ni milki ya Marekani, mwaka 1493.

Jina la Amerika halitokani naye. Mchora ramani Mjerumani, Martin Waldseemüller, aliliandika mwaka 1507 kwa kumheshimu baharia Amerigo Vespucci.

Hata hivyo safari ya 1492 ina uzito wake, kwa sababu baada yake njia haikufungwa tena. Na kile kilichofuata kiko katika swali la 6.

6. Kwa nini wenyeji walikufa wengi kiasi kile?

Magonjwa yalikuwa sababu kubwa kuliko silaha. Ndui, surua na mafua makali vilikuwa vimezoeleka Ulaya, Asia na Afrika kwa karne nyingi. Amerika havikuwapo, na hakuna mtu aliyekuwa na kinga. Wazee wenye kumbukumbu za taifa walikufa pamoja na watoto, mashamba yakabaki bila wa kuvuna, na njaa ikamaliza waliopona.

Lakini kusema "ni magonjwa tu" ni kuwasafisha watu mikono. Wataíno wa visiwa vya Karibi walifanyishwa kazi ya kuchimba dhahabu hadi wakafa. Wenyeji walikamatwa na kuuzwa utumwani, walifukuzwa kutoka mashamba yao mazuri, na vijiji vyao vilichomwa. Mtu aliyechoka, mwenye njaa na asiye na pa kulala hafi kwa ugonjwa peke yake. Tarehe 26 Mei 1637, wanajeshi wa Kiingereza na washirika wao walizingira ngome ya Wapequot pale Mystic, Connecticut, wakaitia moto alfajiri. Waliouawa walikuwa mamia, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Hapo hapakuwa na ugonjwa wa kusingiziwa.

7. Waingereza ndio waliotangulia kujenga mji?

Hapana, ni Wahispania. Mji wa St. Augustine, Florida, ulianzishwa mwaka 1565, miaka 42 kabla ya Jamestown ya Waingereza (swali la 8), na watu wanaishi humo hadi leo. Santa Fe, New Mexico, ni wa 1610 hivi. Wafaransa nao walianzisha Quebec mwaka 1608 na baadaye New Orleans mwaka 1718, wakifanya biashara ya ngozi za manyoya na wenyeji. Historia inayofundishwa kwa Kiingereza huwasahau hawa wote.

Mtu mmoja anastahili kukumbukwa hapa. Mustafa Azemmouri, ambaye Wahispania walimwita Estevanico, alizaliwa Azemmour, Moroko, akauzwa utumwani. Msafara alioingizwa ulifika Florida mwaka 1528 ukiwa na mamia ya watu na ukasambaratika. Yeye na Wahispania watatu ndio waliotembea hadi Meksiko, wakafika mwaka 1536. Alijifunza lugha za njiani na ndiye aliyezungumza na wenyeji kwa niaba ya wenzake. Mwaka 1539 alitangulizwa tena kaskazini, akauawa katika kijiji cha Wazuni. Kabla Mwingereza yeyote hajajenga kibanda Virginia, Mwafrika huyu alikuwa ameshavuka nyika za Texas.

Utawala wa Wahispania ulipata upinzani mkubwa mwaka 1680, pale Po'pay, kiongozi wa dini wa wenyeji, alipounganisha vijiji vya Pueblo, vyenye lugha mbalimbali, vikainuka kwa wakati mmoja. Wahispania walifukuzwa New Mexico, wasirudi hadi 1692.

## Makoloni ya Waingereza

8. Jamestown ilianzaje?

Ilianza kama mradi wa kutafuta faida. Kampuni ya Virginia ya London ilipeleka wanaume na wavulana wapatao 100, waliotua Mei 1607 wakitarajia dhahabu. Walichagua eneo la kinamasi lenye maji mabaya. Walikuwa ndani ya himaya ya Wahunsenacawh, aliyejulikana kama Powhatan, mtawala wa mataifa 30 hivi. Mwanzoni mahindi ya watu wake yaliwaweka hai; ugomvi ulipoanza, chakula kikakatika, na katika majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 walowezi wengi wakafa kwa njaa.

Kilichouokoa mradi huo ni tumbaku. Kuanzia 1612 hivi John Rolfe alilima mbegu tamu kutoka Karibi, Ulaya ikaipenda, na tumbaku ikahitaji vitu viwili bila kikomo: ardhi na mikono ya kufanya kazi. Ya ardhi iko swali la 11, ya mikono iko la 12.

9. Pocahontas alikuwa mpenzi wa John Smith?

Hapana. Alikuwa binti wa Powhatan (swali la 8), mtoto wa miaka 11 hivi Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown, alipofika. Mwaka 1613 Waingereza walimteka, wakambatiza, na 1614 akaolewa na John Rolfe. Alipelekwa London, akafa Gravesend mwaka 1617 akiwa na miaka 21 hivi.

10. Mayflower na Siku ya Shukrani ni hadithi ya kweli?

Sehemu yake. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102 mwishoni mwa 1620. Baadhi yao walikuwa Wakristo waliojitenga na Kanisa la Uingereza. Wengine walifuata riziki tu. Karibu nusu walikufa kabla ya majira ya baridi kwisha. Mahali walipojenga Plymouth palikuwa kijiji cha Patuxet, ambacho wakazi wake wote walikuwa wamefutwa na ugonjwa kati ya 1616 na 1619.

Mmoja wa Patuxet alikuwa hai kwa sababu hakuwapo. Tisquantum, ambaye vitabu humwita Squanto, alitekwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614 na kuuzwa Hispania. Akapata njia ya kufika London, na 1619 akarudi nyumbani asikute mtu. Huyo ndiye aliyewafundisha walowezi kupanda mahindi, katika mashamba ya ndugu zake waliokufa. Kila Novemba, Siku ya Shukrani inapoadhimishwa, sehemu hii ya habari hupitwa haraka mno.

Karamu ya 1621 inayokumbukwa siku hiyo ilikuwapo, na Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, wapatao 90 walihudhuria pamoja na kiongozi wao Ousamequin. Mapatano yake na walowezi yalidumu maisha yake yote. Mwanawe Metacom ndiye aliyeshika silaha mwaka 1675, baada ya ardhi kumegwa na sheria za Kiingereza kulazimishwa kwa watu wake. Mwaka 1676 aliuawa, kichwa chake kikatundikwa Plymouth, na wengi wa watu wake wakauzwa utumwani.

Makoloni ya Waingereza hayakufanana. Kusini mambo yalikuwa ya mashamba makubwa. Kaskazini, uvuvi, meli na mashamba madogo. Katikati, ngano na mchanganyiko wa mataifa. New York ilikuwa ya Waholanzi hadi 1664. Makoloni yote 13, kwa wanaokariri: New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, Connecticut, New York, New Jersey, Pennsylvania, Delaware, Maryland, Virginia, North Carolina, South Carolina na Georgia, ambayo ndiyo ya mwisho, iliyoanza 1733.

11. Lakini si wenyeji waliuza ardhi wenyewe?

Mara nyingine mikataba ilikuwapo. Swali ni kila upande ulidhani umekubali nini. Kwa mataifa mengi ya mashariki, ardhi ilikuwa ya jamii. Mgeni angeweza kupewa ruhusa ya kulima au kuwinda, akatoa zawadi, na wenyeji wakaendelea kuitumia. Mwingereza akiwa na karatasi alihesabu amenunua moja kwa moja, na akajenga uzio. Wasomaji wetu wanaojua migogoro ya ardhi ya ukoo na hati miliki hawahitaji maelezo zaidi. Hata "mauzo" ya Manhattan ya 1626, yanayotajwa kwa bei ya gilda 60, hayana hati iliyobaki. Yanajulikana kutokana na barua ya afisa wa Kiholanzi, Pieter Schagen.

Na mara nyingine ilikuwa hila tupu. Mwaka 1737, wana wa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, walitoa hati waliyodai ni ya zamani, inayowapa ardhi ya Walenape kwa umbali ambao mtu angetembea siku moja na nusu. Walenape walielewa mwendo wa kawaida, wa mtu anayepumzika na kula njiani. Watawala wa Pennsylvania wakasafisha njia msituni kabla ya siku yenyewe na kukodi vijana watatu wenye mbio kuliko wote. Mmoja tu, Edward Marshall, ndiye aliyefika mwisho, baada ya kilomita zaidi ya 100. Walenape waliokuwa mashahidi walilalamika kwamba hiyo haikuwa kutembea. Walipoteza eneo kubwa, na walipogoma kuondoka, wakaamriwa kutoka. William Penn mwenyewe alikuwa amejenga jina zuri kwa kutendeana nao haki, wanawe waliliuza.

## Waafrika katika makoloni

12. Waafrika wa kwanza walifika lini, na walitoka wapi?

Kwenye Florida ya Wahispania walikuwapo tangu karne ya 16. Katika makoloni ya Waingereza mwaka unaotajwa ni 1619: mwishoni mwa Agosti, meli ya White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, na kubadilisha Waafrika "20 na zaidi kidogo" kwa chakula. Walikuwa wameporwa kutoka meli ya Kireno, São João Bautista, iliyowapakia Luanda kuwapeleka Meksiko. Wengi wao yaelekea walikuwa watu wa Ndongo, katika Angola ya leo, wasemaji wa Kimbundu, lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kiswahili.

Mwanzoni sheria ya Virginia haikueleza hadhi yao waziwazi. Kulikuwa na watumishi wa mkataba, wengi wao Wazungu maskini, waliotumikia miaka kadhaa kulipia nauli. Baadhi ya Waafrika walipata uhuru na mashamba. Mlango huo ulifungwa hatua kwa hatua, mahakamani na bungeni, na kila hatua ina tarehe. Mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka pamoja wakakamatwa: Wazungu wawili waliongezewa miaka minne, na wa tatu, Mwafrika John Punch, akahukumiwa kutumikia maisha yake yote. Mwaka 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto atafuata hadhi ya mama. Tafakari maana yake: bwana aliyemlazimisha mwanamke mtumwa alipata mtoto na mali kwa pamoja, na sheria ikamlinda. Mwaka 1705 sheria zote za utumwa zilikusanywa mahali pamoja.

Utumwa haukuwa wa kusini peke yake. Makoloni yote 13 yaliuruhusu. Georgia ilianza kwa kuukataza, ikalegeza kamba baada ya 1750.

13. Walikuwapo waliotoka Afrika Mashariki?

Wachache. Watu wapatao 388,000 ndio walioletwa moja kwa moja kutoka Afrika hadi Amerika Kaskazini, kati ya milioni 10.7 hivi waliofika hai katika Amerika yote. Wengi wao walitoka Senegambia, Angola na Kongo, na pwani ya Nigeria ya leo. Kutoka upande wetu wa bahari, waliopelekwa New York na Virginia mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18 walitoka Madagaska.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na msiba wake wenyewe wakati huo. Mwaka 1776, mwaka uleule wa Azimio la Uhuru, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Hao walielekezwa visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi.

## Njia ya uhuru

14. Makoloni yaligombana na Uingereza kwa sababu gani hasa?

Kodi ndiyo jibu la mtihani, na ni sahihi lakini halitoshi. Anza na vita dhidi ya Wafaransa, vilivyoanza 1754 katika bonde la mto Ohio na kumalizika kwa mkataba wa Paris wa 1763. Uingereza ilishinda na kubaki na deni kubwa. Kisha mataifa ya wenyeji yaliyoongozwa na Pontiac yakazishambulia ngome zake. Ili kupunguza gharama za vita, tarehe 7 Oktoba 1763 Mfalme George III alikataza walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia. Walowezi na walanguzi wa ardhi, George Washington akiwa mmojawapo wa wenye maslahi huko, hawakupendezwa hata kidogo.

Juu ya hasira hiyo zikaja kodi: ya sukari 1764, ya stempu 1765 iliyogusa kila karatasi kuanzia gazeti hadi hati ya mahakama, kisha ushuru wa 1767 wa kioo, rangi, karatasi na chai. Makoloni yalikuwa na mabunge yao tangu lile la Virginia la 1619, na hayakuwa na mbunge hata mmoja London. Hoja yao ilikuwa nzito: asiyewakilishwa hawezi kutozwa. Tarehe 5 Machi 1770 askari walifyatua risasi Boston, wakaua watu watano. Mmoja wa waliouawa alikuwa Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji.

15. Kwa nini walimwaga chai baharini, wakati ilikuwa imepunguzwa bei?

Ni kweli, sheria ya 1773 iliishusha bei ya chai ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Lakini kodi ilibaki ndani yake, na wafanyabiashara wa makoloni walirukwa. Kuinunua kungekuwa kukiri kwamba London ina haki ya kutoza. Usiku wa 16 Desemba 1773 watu wa Boston, wengine wakijifanya Wamohawk, walitupa makasha 342. Uingereza ikaifunga bandari, na mwaka 1774 makoloni 12 yakapeleka wajumbe Philadelphia, kwenye mkutano wa pamoja ulioitwa Kongresi ya Bara. Georgia ilijiunga baadaye. Risasi za kwanza za vita zilisikika Lexington na Concord tarehe 19 Aprili 1775.

16. Uhuru ulipatikana 4 Julai 1776?

Ulitangazwa. Kongresi ya Bara ilipiga kura ya kujitenga tarehe 2 Julai, ikapitisha maandishi ya Azimio tarehe 4, na wajumbe wengi walitia saini tarehe 2 Agosti. Jumla ya waliotia saini ni 56. Uingereza ilikubali kwa mkataba wa Paris wa tarehe 3 Septemba 1783.

Thomas Jefferson, mwandishi mkuu, alikuwa na mamia ya watumwa katika maisha yake. Rasimu yake ilikuwa na aya ya kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, Kongresi iliifuta. Na Azimio lilelile linalosema watu wote wameumbwa sawa, linawaita wenyeji washenzi wasio na huruma. Soma sehemu zote mbili.

17. Jeshi dogo liliishindaje Uingereza?

Kwa msaada wa Ufaransa, kwanza kabisa. Ushindi wa Saratoga, Oktoba 1777, uliwashawishi Wafaransa kuingia kwa mkataba wa Februari 1778. Jenerali Cornwallis wa Uingereza alipozingirwa Yorktown, Virginia, meli za Kifaransa zilikuwa zimemzibia bahari. Akasalimu amri tarehe 19 Oktoba 1781.

Kulikuwa pia na ndui, iliyoenea barani kote kuanzia 1775. Mwaka 1777 George Washington, mkuu wa jeshi la makoloni, aliamuru jeshi lichanjwe. Ujuzi huo wa kuchanja ulikuwa umefika Boston kwa njia kadhaa, na mojawapo ni Onesimus, mtumwa kutoka Afrika Magharibi, aliyemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi kwao walivyofanya. Mather aliutetea katika janga la 1721.

18. Waafrika na wenyeji walipigana upande gani?

Pande zote mbili, kila mtu akifuata mahali ambapo uhuru wake ulionekana karibu zaidi. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme. Maelfu walikimbilia kwa Waingereza. Wengine wapatao 5,000 walipigana upande wa makoloni. Vita vilipokwisha, watu weusi 3,000 hivi waliandikwa majina bandarini New York na kupelekwa Nova Scotia, na mwaka 1792 karibu 1,200 wakavuka hadi Freetown, Sierra Leone. Kati yao alikuwamo Harry Washington, aliyetoroka kutoka shamba la George Washington.

Haudenosaunee waligawanyika: Oneida na Tuscarora wengi walikuwa na Wamarekani, Mohawk chini ya Thayendanegea (Joseph Brant) na wengine wakawa na Waingereza. Mwaka 1779 jeshi la Jenerali Sullivan lilichoma vijiji vyao zaidi ya 40 pamoja na mashamba ya mahindi. Oneida, waliokuwa washirika, nao walikuja kupoteza karibu ardhi yao yote. Mkataba wa 1783 uliipa Marekani nchi hadi mto Mississippi bila kuwataja wenyeji popote.

## Maswali ya pembeni

19. Uhuru wa Marekani ulifanana na wa Tanganyika au Kenya?

Kwa jina tu. Mwaka 1961 na 1963 walioshika dola walikuwa wenyeji wa nchi. Mwaka 1776 walioshika dola walikuwa walowezi, na wenyeji wakabaki nje. Mfano wa karibu zaidi barani kwetu ni Rhodesia ya Ian Smith, iliyojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 kwa maandishi yaliyofuata mtindo wa Azimio la Marekani. Tofauti ni kwamba Zimbabwe wenyeji walikuwa wengi na walishinda. Hilo haliondoi nguvu ya maneno ya 1776. Watumwa wenyewe waliyatumia. Elizabeth Freeman wa Massachusetts alidai mahakamani mwaka 1781 kwamba katiba ya jimbo inayosema watu wote huzaliwa huru inamhusu naye, akashinda.

20. Kanada haikujiunga kwa nini?

Ilikaribishwa. Quebec ilikuwa ya Wakatoliki wasemao Kifaransa, ambao sheria ya 1774 iliwahakikishia dini yao. Walikuwa na sababu ndogo ya kuwaamini Waprotestanti wa Boston. Makoloni yalijaribu kuitwaa kwa nguvu mwaka 1775 yakashindwa. Jamaika na Barbados nazo zilibaki na mfalme, kwa kuwa wenye mashamba waliogopa watumwa wao kuliko kodi.

21. Wanawake walipata kura?

New Jersey peke yake. Katiba yake ya 1776 iliwaruhusu wakazi wenye mali ya kiasi fulani, na wajane na wanawake wasioolewa wakapiga kura hadi walipofungiwa mwaka 1807. Mke aliyeolewa hakuwa na mali kisheria. Kwa kulinganisha, tazama wanawake wa Haudenosaunee katika swali la 2.

22. Kwa nini tarehe za vitabu hupishana?

Kwa sababu Uingereza na makoloni yake yalitumia kalenda ya Julius hadi 1752. Mwaka huo, siku iliyofuata 2 Septemba ilihesabiwa 14 Septemba, na mwaka mpya, uliokuwa unaanza 25 Machi, ukahamishiwa 1 Januari. Ndiyo maana George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, na 22 Februari 1732 kwa hesabu ya sasa. Kwenye mtihani andika ya sasa.